Kamera Mbili za Chaula

Duka la Chaula, Mwanjelwa, ni jembamba kama subira ya mdai:
simu upande huu, redio upande ule,
na kabatini, juu ya kitambaa chekundu,
kamera mbili zimelala zikitazama dari.
"Hii ina kioo ndani," anasema, "ile haina.
Chagua. Kuangalia ni bure mpaka saa sita."

Nina milioni moja na laki moja kwenye soksi:
mgao wa kikoba, magunia manane ya viazi vya Umalila,
na picha za pasipoti nilizopiga kwa simu
hadi karani wa kata akaniuliza, "Tumpale,
huyu ni mtu au ni ukungu?"

Naishika ya kwanza. Nzito, kama mtoto aliyelala.
Naweka jicho: mtaa unaingia wenyewe,
mwanga uleule ulioshuka Loleza asubuhi
unagonga kioo, unapinda, unanifikia.
Hakuna mtu wa kati. Jua na mimi.
Nabonyeza: kacha!
Kioo kinaruka, giza kidogo,
kama mtu aliyepepesa.

Ya pili inakaa kiganjani kama kipande cha sabuni ya mche.
Ndani ya tundu lake kuna televisheni ndogo,
inanionyesha picha kabla sijaipiga,
inaniambia mapema kwamba shela litaungua,
kwamba uso wa bwana harusi utazama gizani.
Inajua macho ya watu yalipo, inayafuata
na kisanduku cha kijani, kama mgambo.
Nabonyeza. Kimya.
Nabonyeza tena, nang'ang'ania.
Chaula anacheka: "Umeshapiga kumi na nne."

Nawaza Jumapili, kwaya imeketi,
mchungaji ameinua kikombe,
na mimi kule pembeni nakachua
kama panya kwenye gunia la mahindi.
Shingo zote kwangu.
Hapo, ya kimya ingenisitiri.

Lakini nawaza na Julai, milimani Uporoto,
baridi inayokula betri kama mbuzi mboga za jirani,
umeme umekatika tangu alfajiri,
jeneza halijatoka hata uani
na kamera inaniwashia taa nyekundu.
"Ya kioo, betri moja picha mia nane," asema Chaula.
"Hii nyingine mia tatu. Na hizo ukiwa mpole."

"Naomba niitoe mpaka mlangoni."
"Acha kitambulisho."

Nje kuna mama wa ndizi za Tukuyu.
Mama, nikupige moja?
Anaweka sawa kitenge, anafuta paji, anafumba mdomo,
anakauka kama wa kwenye kadi ya mpiga kura.
Nampiga kwa ile isiyo na kioo.
Picha safi, kila doa la ndizi linahesabika.
Naye bado kakauka.
Malori mawili ya Tunduma yanapita.
"Bado?"
"Nimeshamaliza, mama."
"Mbona sijasikia? Basi umeniibia. Rudia."

Narudi ndani, natoka na ile nzito.
Kacha!
Pumzi inamtoka, mabega yanashuka,
anamgeukia mwenzake aseme neno la kunicheka,
na hapo, baada ya mlio, ndipo alipo mwenyewe.
Nabonyeza tena.

Nimelipa laki tisa na nusu, na lenzi ya pili juu.
Mkanda wake wa mtumba una maandishi ya Kijapani;
sijui yanamtaja nani.
Chaula anaifuta ile nyingine, anailaza kitambaani,
haniangalii: "Nasikia viwandani za kioo wanaziacha."
"Nimesikia."
"Basi usije kulia hapa."

Naelekea Mafiati, shingo inauma tayari.
Jumapili nitakaa nyuma kabisa,
kwenye benchi la watoto wenye mafua.
Nitangoja mmoja akohoe,
nibonyeze.